Neno "kalti" tulilijulia kwenye muvi, ndo maana kalti za kweli zinapita mbele yetu hatuzioni

Ngamiani Kwetu (mleta mada)

Wakuu habari za jioni. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie, hili jambo nimekaa nalo muda sana na sikuwa najua pa kulianzia.

Kuanzia 2001 mpaka 2004 nilikuwa naendesha kibanda umiza cha mjomba pale Ngamiani, Tanga. TV ya chogo, deki moja, mabenchi, turubai. Mchana tunaweka za mateke, usiku zinaingia za Kinaijeria na hizo ndo zilikuwa zinajaza banda mpaka watu wanachungulia kwenye matundu ya mabati. Kina mama walikuwa wanakuja na watoto mgongoni. Sasa wale mliokuwepo kipindi kile mnakumbuka, karibu kila muvi ilikuwa na kipande kilekile, jamaa kafulia, anakutana na rafiki yake wa shule mwenye gari kali, rafiki anampeleka usiku kwenye jumba, ndani kuna watu wamevaa majoho mekundu, mishumaa kila kona, fuvu mezani, mzee ana kibuyu cha damu, sauti nzito, halafu jamaa anaambiwa akamtoe kafara yule anayempenda kuliko wote. Ile Living in Bondage ya 1992 iliyofungua njia kule Nigeria ilikuwa hivyohivyo, mtu anamtoa mkewe apate hela, na zilizofuata zikashika njia hiyo miaka na miaka.

Wengi bandani Kiingereza kilikuwa hakipandi kwa hiyo mimi nasimama pembeni ya TV natafsiri kwa mdomo. Na neno lililokuwa linarudi rudi mle ni cult, ndo hiyo kalti, kundi la imani linalomshika mtu akili. Nikawa nasema "chama cha mashetani". Kila usiku, miaka mitatu, chama cha mashetani, chama cha mashetani. Hakuna aliyenifundisha, nilikuwa naangalia picha naona majoho na damu naipa jina. Nawaambia ukweli wakuu kuna watu wazima Tanga leo hii ukiwatajia hilo neno kinachowajia kichwani ni ile picha na sauti yangu.

Sasa njooni 2016. Mama yangu mdogo, aliyenilea baada ya mama kufariki, alifiwa na mumewe. Ndugu wa mume wakaanza kumsumbua kuhusu nyumba. Kukawa na kikundi cha maombi, jina lake na mkoa sitaji, watu kumi na kitu wanakutana Jumatano sebuleni kwa mtu. Kiongozi wao mtu mpole, shati la mikono mifupi, Biblia kwapani, ukiongea anakusikiliza mpaka umalize. Wale watu walimpikia mama mdogo siku 40, walimfulia, walilala kwake ili asilale peke yake. Sisi wanawe tulituma hela kwenye simu.

Baada ya miezi sita kaacha dawa za presha. Baada ya mwaka kauza kiwanja. Harusi ya mdogo wangu hakuja, akasema sisi bado tuko duniani. Laini ya simu akabadilisha, akawa anapatikana kupitia mtu wa kikundi. Na hapo mwanzoni kabisa, kabla hata kiwanja hakijauzwa, mdogo wangu wa kike alinipigia akaniuliza kaka, hiki kikundi mbona sikielewi, siyo hizi kalti? Nikamjibu hivi, nakumbuka neno kwa neno: "Hamna bwana, hawana mambo ya kishetani wale, wanasoma Biblia tu."

Yaani mimi nilikuwa natafuta majoho mekundu. Nilienda mpaka sebuleni kwao mara moja kuhakikisha, nikaangalia ukutani, nikaangalia mapambo, nikaona picha ya Yesu na kalenda, nikarudi nyumbani nimetulia. Miaka minne iliyofuata ilinitoka kwa sababu ya ule utulivu.

Aprili 2023 zilipoanza kutoka taarifa za waumini waliokufa kwa njaa Shakahola kule Kenya, makaburi yanafukuliwa, kila siku namba inapanda, mpaka mwisho wa mwaka miili ilikuwa imepita 400, mimi nilichokuwa naangalia ni zile video za zamani za mahubiri. Mtu kasimama na maiki, kwaya nyuma, watu wanasema amina. Hakuna fuvu hata moja.

Kwa hiyo mada yangu ndo hii: muvi, magazeti na siku hizi hizi makala za mfululizo za mtandaoni zimetujazia hili neno sura. Zimetupa mavazi, taa na muziki, na sisi tunazunguka na hiyo sura kichwani tunailinganisha na watu. Anayefanana nayo tunamwita kalti hata kama hajamdhuru mtu, na asiyefanana nayo tunamwachia mama zetu. Naomba michango, hasa mliopitia.

Upepo wa Kusi

Pole sana ndugu yangu kwa hayo ya mamako mdogo. Mimi niko Malindi na nataka niongeze kitu.

Paul Mackenzie, yule mhubiri wa hao wa Shakahola, hakuwa mtu wa kujificha. Kanisa lilikuwa hapa Furunzi, mjini, si mbali na watu. Aliwahi kuendesha teksi, kuna watu wamepanda gari lake. Kanisa alilianzisha 2003, akawa na vipindi vya televisheni, video ziko YouTube mpaka watu wa Nyanza na magharibi wakamjua wakafunga mizigo wakaja. 2017 alishashikwa, ikawa kesi ya watoto wasiopelekwa shule. 2019 akapinga Huduma Namba, ule usajili wa watu wa serikali, akasema ni alama ya mnyama, mwaka huohuo akafunga kanisa akahamia kule Shakahola. Hayo yote yalikuwa wazi, yaliandikwa magazetini. Lakini tuliyasoma kama vituko. Mhubiri kasema shule ni mbaya, watu wanacheka, wanapitisha kwenye WhatsApp.

Halafu lile neno la redio na runinga zetu, "mhubiri tata". Mhubiri akigombana na mwanasiasa ni tata. Akiuza mafuta ya upako ni tata. Akihubiri watu wasiende hospitali ni tata. Na huyu aliyeshtakiwa kwa vifo vya mamia ya watu, bado ni tata tu. Neno moja limebeba wote, sasa msikilizaji atajuaje hapa ni kiherehere na hapa ni hatari?

Na kuna jambo la ule msitu. Kila makala ya nje iliyokuja ilianza na droni inaruka juu ya miti, muziki wa kutisha, kama vile lile jambo liliota msituni lenyewe. Kule ni ardhi ya ranchi ya Chakama, kuna wafugaji, kuna vijiji, Langobaya haiko mbali. Jamaa za waliokwenda kule na wanakijiji walipiga ripoti kabla ya ile Aprili. Mwezi Machi alishikwa kuhusu vifo vya watoto akaachiwa kwa dhamana. Ukiuita msitu wa kalti unafanya ionekane hakuna aliyejua, na waliojua walikuwepo, walisema, hawakusikizwa.

Chai ya Rangi

Mkuu mleta mada nimekusoma ila hapa sijakuelewa vizuri, kwa hiyo unataka kutuambia Freemason siyo kalti? Maana wale ndo wana majoho na mafuvu na siri, na watu wamekufa, mi nadhani usiwasafishe.

Ngamiani Kwetu

Mkuu Chai ya Rangi simsafishi mtu, nikujibu tu ninavyoona.

Kumbuka 2011, 2012 hapa Bongo. Kila aliyepata gari ni Freemason, kila msanii aliyenyanyua vidole ni Freemason. Kanumba alipofariki, tarehe 7 Aprili 2012, msiba haujaisha watu wameshasema katolewa, na moja ya vitu walivyoshika ni kwamba aliigiza Devil Kingdom na muigizaji wa Nigeria, Ramsey Nouah. Mtu kaigiza muvi, muvi ikageuzwa ushahidi dhidi yake akiwa kwenye jeneza. Mimi ile ilinigusa sana kwa sababu nilikuwa naijua hiyo picha ilikotoka, nilikuwa naitafsiri mwenyewe.

Wakati huohuo Freemason wenyewe walikuwepo nchini wanajulikana, Sir Andy Chande aliyekuwa kiongozi wao Afrika Mashariki alikuwa anaongea na waandishi kwa jina lake na sura yake, na kitabu cha maisha yake alitoa. Unaweza usiwapende, sawa, uhuru wako. Lakini niambie, nani unayemfahamu wewe binafsi aliyeuza nyumba, akaacha dawa, akakatazwa kuongea na mamake kwa sababu yao? Waliolizwa ninaowajua mimi walilizwa na yale matangazo ya kwenye nguzo za umeme, "jiunge Freemason upate utajiri piga namba hii", na yule mwenye namba ni tapeli tu aliyeona muvi zilezile tulizoona sisi, akajua tayari tunaamini, akatuma namba ya kuwekea ada ya fomu.

Kenya nako hivyohivyo, 1994 Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada za shetani, mwenyekiti Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Nyeri, ripoti ikawekwa hadharani 1999. Nchi nzima ilikuwa inaogopa pete, nyoka na alama. Miaka 20 na kitu baadaye watu wamekufa kwa njaa kwa kufuata mtu wa Biblia na kwaya.

Na kingine ambacho mimi nilikuja kukijua nimeshakuwa mtu mzima: Wanaijeria wanaposema cult wana kitu chao kwenye akili. Kwao hilo neno mtaani ni vile vyama vya siri vya vyuoni. Cha kwanza, Pyrates, kilianzishwa 1952 pale chuo cha Ibadan na mwandishi Wole Soyinka na wenzake sita, vijana wanaopinga ukabila na maringo ya kikoloni, hakikuwa cha damu. Vingine vikafuata, vikageuka vya mapanga na bunduki, Julai 1999 waliingia usiku chuo cha Ife wakaua wanafunzi watano. Kwa hiyo Mnaijeria akiona kwenye muvi watu wa cult ana kumbukumbu ya kweli nyuma yake, anajua mwanafunzi fulani aliyekatwa. Sisi tulipokea picha bila ile kumbukumbu. Tukabaki na majoho tu.

Old Town Yangu

Assalaam aleykum jamaa zangu. Nisameheni nikiingia kwa upande wa lugha, maana mnaliongelea neno la kigeni na sisi lugha yetu imeumizwa pia.

Wakati wa Shakahola kila taarifa ilikuwa "dhehebu la Mackenzie", "dhehebu la njaa", "madhehebu ya itikadi kali". Mimi nimesomea chuoni kwa maalim hapa Mombasa, madhehebu ni neno zito na la heshima. Asili yake ni Kiarabu, madhhab, njia anayopita mtu. Sisi watu wa pwani ni madhehebu ya Shafi, kuna Hanafi, Maliki, Hanbali, ni elimu ya karne na karne, wanavyuoni wanakhitilafiana na bado wanaswali safu moja. Wakristo nao wanasema dhehebu kwa maana ya Anglikana, Lutheri, na kadhalika. Sasa neno hilohilo unamvika mtu anayetuhumiwa kufungisha watoto njaa. Bibi yangu alikuwa anasikiza taarifa akaniuliza, "kwani dhehebu siku hizi ni tusi?" Sikuwa na la kumjibu.

Wengine wakaandika "ibada", kwa kuwa wamelitia neno kwenye mashine ya kutafsiri. Na ajabu ni kwamba mashine haikukosea kabisa, kwa sababu asili ya lile neno kwa Kilatini ni cultus, na maana yake ilikuwa ibada, kutunza, inatoka kwenye neno la kulima shamba. Hata Wakatoliki wanalitumia kwa heshima ya mtakatifu, wala si kwa ubaya. Ubaya limekuja kuvishwa baadaye, na waliolivisha zaidi ni magazeti na sinema. Na sinema zenyewe zikalitumia vingine tena, ile filamu ambayo haikuuza sana lakini ina mashabiki wanaokariri kila sentensi, nayo wanaiita hivyohivyo, hapo ni sifa.

Kwa hiyo neno moja, mara ibada, mara jinai, mara sifa ya filamu. Mimi ningependa tuseme linalotendeka. Sema "kundi lililowafungisha watu njaa". Ni maneno manne lakini bibi yangu ataelewa na dini ya mtu haitatukanwa.

Mtoto wa Kagera

Wakuu mimi nimekulia Bukoba, na Kanungu kwetu haikuwa habari ya mbali, ni Uganda, ng'ambo ya mpaka. Machi 2000 nilikuwa sekondari, tulisikia redioni watu wamejifungia kanisani wakajichoma moto wenyewe. Wenyewe. Hilo neno "wenyewe" nililibeba muda mrefu sana.

Ilikuwa tarehe 17 Machi, Kanungu wakati huo iko ndani ya wilaya ya Rukungiri. Siku za karibuni walikuwa wamechinja ng'ombe na kununua soda, sherehe. Milango na madirisha yakakutwa yamepigiliwa misumari. Dunia nzima ikaandika kujiua kwa pamoja, kalti ya siku ya mwisho, Jonestown ya Afrika. Siku chache baadaye wakaanza kuchimba kwenye nyumba nyingine za kundi, Rugazi, Buhunga, mpaka Buziga Kampala, wakakuta makaburi chini ya sakafu, watu waliokufa kabla ya ule moto, taarifa zikasema wengi wamenyongwa. Polisi ikabidi wabadili waseme mauaji. Kwa jumla ni zaidi ya watu 700.

Lakini hebu muulize mtu leo kuhusu Kanungu. Atakwambia "wale waliojichoma". Ile picha ya kwanza ndo imebaki kwa sababu ndo inayofanana na muvi, watu wamerogwa akili wanaingia motoni wanaimba. Picha ya pili, kwamba kuna watu waliuawa kimyakimya wakazikwa chini ya sakafu na majirani wanapita nje, hiyo haina mtu wa kuiigiza. Na hakuna hata mmoja aliyefikishwa mahakamani akahukumiwa mpaka leo. Mimi naona hizi mbili zimeungana. Ukishasema walijiua unatafuta nani?

Na viongozi wenyewe hawakuwa watu wa mapangoni. Kibwetere alikuwa mtu mzito wa kanisa Katoliki, aliyejenga shule, aliyegusa siasa. Kataribabo alikuwa padri aliyesoma mpaka Marekani. Waumini wengi walikuwa Wakatoliki wa kawaida wanaosali rozari. Bibi yangu na rozari yake angeingia pale angeona yuko nyumbani.

Mlima Elgon

Nimesoma yote na nashukuru uzi huu umekuja. Mimi natoka upande wa Bungoma na nina hofu nyingine na hili neno, kwa sababu kwetu lilitumika kumpiga mtu.

Elijah Masinde na Dini ya Msambwa, wazee wetu walikuwa wanaomba kwa njia ya mababu na kusema mzungu arudi kwao. Serikali ya kikoloni ikampeleka Masinde hospitali ya wagonjwa wa akili Mathari 1945. Alipotoka, mambo yakachemka tena, 1948 polisi wakawafyatulia watu risasi Malakisi, dini ikapigwa marufuku, yeye akapelekwa Lamu. Soma magazeti ya wazungu ya wakati ule utaona wanaandika washenzi, wendawazimu, ushirikina. Ukienda Mau Mau ni vilevile, sinema na magazeti ya Uingereza yalijaa viapo, damu na usiku, ni nadra kukuta sehemu wanaeleza ardhi ilichukuliwa na nani. Na Kongo, Simon Kimbangu alihubiri miezi michache tu 1921, Wabelgiji wakamfunga mpaka akafa gerezani 1951, miaka 30. Leo kanisa lake lina mamilioni ya watu na liliingia Baraza la Makanisa Ulimwenguni 1969.

Na Masinde hata baada ya uhuru hakupona, 1968 serikali yetu wenyewe ikaipiga dini yake marufuku tena.

Kwa hivyo baada ya Shakahola niliposikia watu wanasema kila kanisa dogo lifungwe, kila anayevaa kanzu nyeupe na kilemba achunguzwe, niliogopa. Mama yangu ni wa kanisa dogo la kanzu nyeupe. Anaenda hospitali, wajukuu wanasoma, hela yake ya kahawa anaihesabu mwenyewe. Lakini kwa macho, kwa picha ya runinga, yeye ndiye anayefanana na kalti kuliko yule wa suti.

Nukta Moja

Nakubaliana na mengi ila naomba tusiwaonee waandishi. Bila kamera kukaa pale Shakahola wiki kwa wiki ile kesi ingezimwa, makaburi yangefukiwa. Namba ilikuwa inapanda kwa sababu kila jioni kulikuwa na mtu anauliza leo mmetoa mingapi. Na muvi nazo zina kazi yake, kuna mtu hajui kabisa kwamba binadamu anaweza kushikwa akili na binadamu mwenzie, muvi inampa hilo wazo kwa mara ya kwanza.

Ninachoona mimi ni kwamba mahakama imetupita wote kwa akili. Angalia mashtaka ya 2024: mauaji ya watoto 191, kuua bila kukusudia, ugaidi, ukatili kwa watoto. Washtakiwa walikana, kesi ikaanza kusikilizwa. Lakini kila shtaka ni kitendo, hakuna shtaka linaloitwa kalti. Mwendesha mashtaka hawezi kumfunga mtu kwa sura, anatafuta umefanya nini, lini, kwa nani. Na 2025 pale Kwa Binzaro, hapohapo Chakama, yakaanza kufukuliwa makaburi mengine. Sasa hiyo ni baada ya nchi nzima kuangalia makala zote zile kuhusu Shakahola.

Ngamiani Kwetu

Nukta Moja umesema kweli na nakubali, waandishi waliokesha pale wanastahili heshima. Mimi ugomvi wangu uko kwenye kile kinachobaki kichwani taarifa ikiisha.

Mfano ni hiyo Jonestown aliyoitaja Mtoto wa Kagera. Tarehe 18 Novemba 1978, Guyana, watu 909 walikufa pale kijijini, na ukijumlisha waliokufa nje ya pale siku hiyohiyo akiwemo mbunge wa Marekani Leo Ryan ni 918. Kilichobaki Marekani ni msemo, wanasema mtu "kanywa Kool-Aid", aina ya juisi ya unga, wakimaanisha ni mjinga anayefuata tu. Vijana wetu nao wameshauchukua wanautumia mtandaoni huko. Kwanza hata kinywaji chenyewe kilichotiwa sumu kilikuwa Flavor Aid. Halafu zaidi ya 300 kati ya wale waliokufa walikuwa watoto. Mtoto mchanga anakunywa kwa ujinga gani? Sumu ya sianidi walisukumiwa mdomoni, kuna watu wazima walichomwa sindano, na pembeni kulikuwa na walinzi wenye silaha. Wengi walikuwa Wamarekani weusi, bibi wa pensheni, watu waliomfuata mhubiri wao Jim Jones kwa sababu kanisa lake lilikuwa linachanganya weusi na weupe, linalisha wazee, linasaidia watu mahakamani. Na Jones mwenyewe aliwahi kuwa mwenyekiti wa mamlaka ya nyumba ya jiji la San Francisco, wanasiasa wakubwa wanapiga naye picha. Hayo yote yamekamuliwa yakawa kikombe kimoja cha juisi na kicheko.

Ndo maana huwa nasikia vibaya sana mtu akiandika "wajinga ndo waliwao" kwenye habari za Shakahola. Mama mdogo hakuwa mjinga. Alikuwa mjane mwenye presha na nyumba inayogombewa.

Chai ya Rangi

Mkuu nimekuelewa sasa, na samahani kama niliuliza kwa ukali. Mama mdogo yuko wapi kwa sasa?

Ngamiani Kwetu

Usijali mkuu, hukuuliza kwa ubaya.

Alitoka 2022. Na aliyemtoa ni mdogo wangu, yule niliyemjibu vibaya. Mimi nilipogutuka nilifanya kosa la pili, nilienda kule nikapiga kelele mlangoni, nikawaita kalti mbele ya watu, nikawaita mashetani, na mama mdogo akaniangalia kama mgeni, kwa sababu walikuwa wameshamwambia siku nyingi kwamba ndugu zake watakuja na maneno hayohayo. Nilitimiza unabii wao. Mwaka mzima hakutaka kunisikia.

Mdogo wangu alikuwa anaenda kila mwisho wa mwezi na sukari kilo mbili, sabuni na picha za watoto. Anakaa nusu saa. Hasemi kitu kuhusu kikundi. Wakimwambia mama mdogo amepumzika anaacha mzigo mlangoni anaondoka, mwezi ujao anarudi. Alifanya hivyo miaka miwili na zaidi. Siku kiongozi alipomwambia mama mdogo alete wajukuu wakae pale wasiende shule, mama mdogo aliomba ruhusa ya kwenda sokoni, akapanda bodaboda, akaenda moja kwa moja kwa mdogo wangu na kanga mbili na viatu alivyovaa. Alijua mlango uko wapi na kwamba haujafungwa.

Ile Aprili ya Shakahola niliyowaambia mwanzoni, taarifa ya habari tulikuwa tunaiangalia naye, amekaa kwenye mkeka, dawa zake za presha ziko kwenye kisahani. Mtangazaji akasema neno lake, akasema imani potofu, akasema waumini walishawishiwa wakafunga mpaka kufa. Mimi nikataka kubadilisha chaneli nisimuumize. Akanishika mkono, akasema niache. Aliangalia mpaka mwisho, wanatoa wale watoto wamefunikwa, halafu akasema kwa sauti ya chini, kama anawahurumia watu anaowajua, "Hawa walianza kwa kupikiwa."